Kodi ya Saba

Manzese, 4 Agosti 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii iwe imefika mkononi mwako na si kwa mwingine. Nimempa jirani yenu Mama Noela pale soko la Mabibo alipoleta mboga zake, nikamsisitiza akupe ukiwa peke yako barazani. Ungekuwa na simu yako ningekuandikia humo yakaisha, lakini simu ya hapo nyumbani ni ya Mama, na Mama anasoma kila kinachoingia, mpaka matangazo. Kukupigia nako ndiyo hivyo tena. Tangu ugonjwa ule ukuchukulie mkono wa kushoto na ulimi, nikikupigia nasikia unavyohangaika kulitamka jina langu, na mie naishia kulia mbele za watu.

Gitaa lako liko salama. Linalala upande wa ukutani, mie nalala ukingoni. Liko zima kabisa, usiwe na wasiwasi nalo hata kidogo.

Shida ni moja. C naipata. F inaniumiza lakini naipata. G naipata. Hii kodi ya saba, hii G ya saba, ndiyo siielewi. Siku ile ya Idi ulinionyesha harakaharaka kwenye mkono wa kiti, kidole hapa, kidole pale, mara Mama akaingia na sinia la pilau, ukajifanya unajikuna. Nilichoshika mie ni vidole viwili vya chini tu. Sasa nikipiga G ya kawaida, halafu nikapiga G ya saba, nasikia kitu kilekile. Nimejaribu nikitoka kazini na hata nikiwa kazini, mpaka mwenzangu wa cherehani ya jirani kaniuliza kwa nini nabonyezabonyeza meza.

Niandikie polepole, kama unamwandikia mjinga. Kile kiti chako cha gitaa la rizimu kwenye bendi ya wazee pale Kipawa mie nakitaka, Babu. Usiku nikifumba macho najiona nimekikalia.

Mjukuu wako,
Tabu


Pugu, 7 Agosti 2024

Tabu, mke mwenza wa marehemu bibi yako,

Marahaba. Barua imefika ikinuka matembele, maana Mama Noela aliificha katikati ya mafungu. Mama yako alinunua fungu la pembeni yake. Nilishika roho.

Ulimi umenigomea lakini mkono wa kulia bado ni wangu, kwa hiyo nitasema kwa kalamu.

Kodi ni sauti zinazokaa pamoja. G ya kawaida, ukiwa unapiga wimbo wa C, ina watu watatu: so, ti na re. Wameketi, wana chai yao, hawana haraka. Kodi ya saba unamkaribisha wa nne. Anzia G uhesabu: G, A, B, C, D, E, F. Wa saba ni F, yaani fa. Huyo akishaingia, utulivu umekwisha humo ndani. Fa anataka kushuka kwa mi. Ti anataka kupanda kwa do. Hawatanyamaza mpaka uwapeleke kwenye C, ambako kila mmoja anampata anayemtaka. Ndiyo maana tunaiweka mwishoni mwa ubeti. Mwimbaji akiisikia anajua wapi pa kurudi, hata kama amelewa, na wa kwetu alikuwa hakosi kulewa.

Vidole sasa. Uzi wa sita, ule mnene, freti ya tatu, ukihesabu vile vyuma kutoka kichwani, kidole cha pete. Uzi wa tano, freti ya pili, kidole cha kati. Wa nne, wa tatu na wa pili uwaache wazi. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, freti ya kwanza, kidole cha shahada. Huyo wa mwisho ndiye fa mwenyewe. Bila yeye una G ya kawaida tu.

Nina sharti. Usiguse C ya saba, A ya saba wala nyingine yoyote mpaka hii uwe umeisikia. Asiyesikia tofauti hiyo hapigi rizimu, anabonyeza nyuzi tu, na wabonyezaji wamejaa mjini.

Fransis, kiongozi wetu wa bendi, amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Kuna kijana anaitwa Brightson, ana kinanda chake, na Fransis amekwisha kumpenda. Nimemwambia anisubiri, nina mtu. Sikumwambia nina mjukuu, nimemwambia nina mtu. Mkono wangu umekufa, Tabu, nimelikubali hilo, lakini ile rizimu sitaki ife nikiwa hai naitazama.

Mama yako bado anaamini gitaa liko stoo ya bendi. Aendelee kuamini. Akisikia habari ya muziki anageuka mtu mwingine.

Babu yako,
Kondo


Manzese, 16 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo. Naandika nimesimama, Mama Noela kashafunga mzigo anataka kuondoka. Kodi ya saba bado imenishinda. Nimehangaika wiki nzima huku na huku. Nakuomba sana unisemee kwa mzee anivumilie, nadhani mwisho wa mwezi itakuwa imepatikana. Mama asijue kabisa. Akijua ataniambia nirudi Pugu.

Tabu


Pugu, 19 Agosti 2024

Tabu,

Mama Noela alinikuta mlangoni, babu yako amelala. Alibabaika mpaka nikajua ana kitu, akanipa karatasi yako. Nimeisoma mara mbili.

Tuko mwezi wa nane, mwanangu. Kodi ya mwezi wa saba imekushinda, na mtu uliyeona wa kumwandikia ni mgonjwa anayefungwa vifungo vya shati? Akusemee kwa mwenye nyumba kwa ulimi upi? Na mimi nina kazi gani hapa duniani?

Babu yako alipoamka nilimpa karatasi aisome. Akasoma, akaiweka magotini, akatikisa kichwa, akatazama ukuta mpaka adhana ya alasiri. Nilimuuliza kama alikuwa anajua. Akaitikia kwamba anajua. Basi mmenificha wote wawili, nami naishi naye nyumba moja.

Jumamosi nakuja. Nitaongea na Mzee Kasimiri mwenyewe ana kwa ana, asije akakutolea vyombo nje watu wakatazama. Sitakugombeza. Au nitakugombeza kidogo. Ukiwa na shida niambie mimi, Tabu, usinipite kama nguzo ya umeme.

Mama yako,
Zubeda


Pugu, 20 Agosti 2024

Fransis ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa wenzetu wote hapo Kipawa. Nasikia Ferdinand ameanza tena kupiga besi akiwa amekaa. Mwambie uzee usimzoee hivyo.

Nilikuambia nina mtu wa kukalia kiti changu. Sina. Niliyemtegemea ni mjukuu wangu Tabu, sasa naweza kukutajia. Nilimwandikia G ya saba kidole kwa kidole, uzi kwa uzi. Jibu lake ni kwamba imemshinda. Ana bidii na ana moyo, lakini sikio hana, na sikio sina namna ya kumtumia kwa Mama Noela.

Mpe Brightson kiti. Tabu usimwambie kwamba nimekuandikia. Nitatafuta maneno ya kumwambia, ingawa wiki hii siyaoni.

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza nilimtetea, ya pili nikakutukana wewe. Hii ndiyo ya kweli.

Kondo


Manzese, 25 Agosti 2024

Babu yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Nimeipata!

Fa nimeipata, Babu, lakini si pale ulipoandika. Iko uzi wa nne, freti ya tatu. Uzi wa sita na wa tano vidole vinakaa freti zilezile, wa tatu na wa pili naacha wazi. Vidole vinabanana kama watu kwenye foleni ya maji, ila inalia. Nikiipiga kisha nikaenda C, mwili unanisisimka. Nimeelewa sasa ulichosema kuhusu fa na ti. Wanagombana kweli, na mie mwenyewe natamani kuwaamulia.

Habari ya Mama. Alikuja jana asubuhi, na kabla hajafika kwangu akaenda kwa Mzee Kasimiri, akamkuta ananyoa ndevu, akamwambia amekuja kumaliza ile kodi ya mwezi wa saba. Mzee Kasimiri akamwambia, mama, binti yako ameshalipa mpaka Desemba, labda unataka kulipa ya kwangu? Nyumba nzima ilicheka. Mama akaingia chumbani kwangu na aibu yake, na gitaa ndilo hilo kitandani. Ikabidi nimweleze kodi ya saba ni kitu gani.

Hatukugombana. Hiyo ndiyo ajabu yenyewe. Mengine nitakusimulia tukionana.

Mwambie Mzee Fransis niko tayari. Niende lini?

Tabu


Pugu, 28 Agosti 2024

Fransis,

Ile barua yangu ya tarehe ishirini ichane.

Tabu ameipata G ya saba, na fa ameiweka uzi wa nne freti ya tatu. Mimi sikumwonyesha hapo. Sikumwonyesha mtu yeyote hapo, wewe wajua mimi napenda fa yangu juu iwashe. Sasa niambie wewe mwanamuziki, mtu atahangaika kuitafuta fa huko chini kwenye nyuzi nene kwa sababu gani, kama uzi wa kwanza anao? Hana! Gitaa langu halina uzi wa kwanza, Fransis, na yule mtoto amenificha. Ndiyo maana G zote mbili zilikuwa kwake kitu kimoja. Zilikuwa kitu kimoja kweli! Hata wewe ungesikia kitu kimoja, na una sikio la paka.

Aliposema hasikii tofauti alikuwa anasema kweli, nami nikamhukumu. Kisha ameenda mwenyewe kuisaka sauti mpaka ameikuta kwenye uzi mwingine. Huyo hana sikio?

Nakuomba umsikilize. Zubeda amerudi kutoka Manzese na amejua gitaa liko kule. Ananiletea uji na kuondoka. Ningependa anigombeze.

Kondo


Kipawa, 31 Agosti 2024

Mzee Kondo, baba wa haraka,

Tumsifu kwanza Mungu aliyekuachia mkono wa kulia, maana ungeondoka na wa kulia pia nani angenichekesha?

Umenitia matatani. Barua yako ya kwanza ilifika Ijumaa, Jumapili yake nikamwambia Brightson kiti ni chake. Ameshamwambia mpaka mchumba wake. Sasa unaniambia nichane! Sisi watu wa Masasi tukishasema tumesema, lakini na wewe tumetoka mbali.

Nitafanya hivi. Jumapili tarehe nane Septemba saa tisa alasiri, mazoezini, Brightson atapiga na huyo Tabu atapiga. Wimbo mmoja, ule wetu wa zamani wa C. Wazee wote watasikia, na watakachosema ndicho kitakachokuwa. Brightson nimemweleza, amekunja uso kisha amekubali.

Lakini sharti lile la siku zote unalijua, uliliweka wewe mwenyewe. Binti hakai kwenye bendi hii mpaka mzazi wake aje aseme ndiyo kwa kinywa chake mbele yetu. Babu hahesabiki. Namkumbuka Zubeda alivyokuwa akinitazama nikija kukuchukua. Kamtoto kadogo, jicho kama la hakimu. Kazi hiyo nakuachia.

Fransis


Pugu, 2 Septemba 2024

Tabu,

Nakuandikia jambo baya kwanza, ili zuri likute njia.

Ulipoandika kwamba kodi ya saba imekushinda, nilimwandikia Fransis kwamba huna sikio na kiti ampe Brightson. Akampa. Sikukuuliza neno. Baada ya barua yako ya uzi wa nne nimemwandikia tena, na amekubali akusikilize Jumapili tarehe nane, saa tisa, wewe na Brightson, wimbo mmoja. Kiti bado kinaweza kuwa chako na kinaweza kukosekana, na kikikosekana ni kwa sababu yangu.

Uzi wa kwanza uko wapi, Tabu?

Na kuna sharti. Mama yako lazima aje aseme ndiyo kwa kinywa chake. Mimi hilo siliwezi. Hata ningekuwa na ulimi nisingeliweza. Ulisema hamkugombana. Labda wewe unajua mlango nisioujua mimi.

Babu yako


Manzese, 4 Septemba 2024

Babu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nzima ndipo nikaweza kuandika. Nimeumia. Sitasema uongo. Ungeniuliza tu, Babu. Mstari mmoja ungetosha.

Ila na mie ungeniuliza labda ningekudanganya, kwa hiyo tuko sawa. Uzi wa kwanza haupo kwa sababu ile skrubu ya kuukazia imekatika. Nililibeba gitaa lako kutoka Pugu, nikabadilisha magari, nikalikumbatia kwenye basi la mwendokasi mpaka mtu akanipisha kiti akidhani nina mtoto mchanga. Nikafika salama. Nikafungua chumba changu mwenyewe, nikalibamiza kwenye fremu ya mlango. Kichwa chake kikalia kah! Fundi pale barabarani kila siku ananiambia kesho, skrubu ya aina hiyo haionekani. Nilipoomba mnivumilie mpaka mwisho wa mwezi nilikuwa namsubiri yeye. Sikuweza kukuambia. Ulishapoteza mkono, nikaona nikikuambia na gitaa nalo limelemaa nitakuwa nimekumalizia.

Na sharti lako nililivunja zamani. C ya saba na A ya saba nilizijaribu wiki ileile ya kwanza, nikazisikia vizuri tu. Niliogopa kukuambia kwa sababu ulikataza.

Sasa lingine, na hili sijui utalipokeaje. Ile fa kwenye uzi wa nne sikuitafuta peke yangu. Siku ile Mama alipoingia na kuliona gitaa, alikaa kitandani. Kisha akasema, haya, nipigie hiyo kodi yenu iliyonileta mpaka Manzese. Nikapiga G ya saba kwa nyuzi tano. Akasema, siyo hiyo. Nikamwambia ndiyo yenyewe, vidole viko pale alipoandika Babu. Akasema, hiyo imetulia, ya baba haikuwa imetulia, ilikuwa na kitu kinachowasha. Nikawa nabonyeza huku na huku. Siyo. Siyo. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nilipogusa uzi wa nne freti ya tatu akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Akasema, hapo.

Nikamuuliza, Mama, umeijulia wapi? Akasema anachelewa gari.

Nimempigia simu kuhusu Jumapili. Anakuja. Lakini kaniambia, nakuja kusema hapana mbele yao wenyewe, wasije wakasema Zubeda aliogopa. Anasema muziki ulimnyima baba na hautanichukua na mie. Sijui kama nilete gitaa au nilete leso.

Mjukuu wako, bado,
Tabu


Manzese, 9 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimelala kwa Tabu, leo jioni nitakuwa nimerudi. Mama Noela anayekuletea karatasi hii atakupikia uji. Dawa ya mchana ni ile nyeupe, usimkubalie akikupa ya njano kwanza.

Naona wewe na Tabu mna desturi ya kuandikiana, na mimi naingia. Ukinisikiliza ana kwa ana unahangaika kunijibu, nami naona aibu kukuhangaisha, basi tunaishia kusemeshana habari za uji. Kwenye karatasi hutaweza kunikatiza.

Chumba cha mazoezi cha Kipawa wewe unakijua, mimi nilikuwa sijakiona maisha yangu yote. Nilipewa kiti karibu na dirisha. Fransis amezeeka, akanisalimia kwa jina langu la utotoni. Brightson alipiga kwanza. Anajua, Baba, sitamdhulumu. Mikono miwili imejaa kazi, kila pengo ameliziba, mpaka waimbaji walikuwa wanatafuta pa kuchomeka sauti zao. Mzee Ferdinand alikuwa akimtazama kama mtu aliyeshiba anayeangalia wali mwingi.

Kisha Tabu. Nyuzi tano, hakumwomba mtu radhi. Anapiga kidogo, anaacha, anapiga kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nikajikuta natazama vidole vyake. Wazee wakaanza kuimba huku wanatabasamu, kila mmoja kivyake, kama watu waliokutana na jamaa yao.

Nina jambo la kukuambia ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ulipokuwa ukijiandaa kwenda kwenye muziki, ulikuwa unajaribu nyuzi pale sebuleni. Ukimaliza kujaribu unapiga hiyo, hiyo ya kuwasha, mara moja tu. Halafu unalifunga gitaa kwenye mfuko, nasikia zipu, nasikia mlango. Mimi kitandani nabaki nayo. Inaning'inia humo chumbani, hailali, na mimi silali. Nilikuwa mtoto, nikaamini ndivyo ilivyo, kwamba hiyo ndiyo sauti ya baba kuondoka na basi. Hukuwahi kutupeleka kwenye muziki, ulisema si mahali pa watoto. Nimeichukia kwa miaka yote hiyo, Baba, na ndiyo maana niliijua ilipokosekana. Sikulichukia gitaa kwa sababu ya dini wala kwa sababu ya majirani. Nilikuwa nakutaka wewe ubaki.

Sasa jana. Unajua Kipawa ndege zinavyopita juu ya mabati. Wenzako wana mtindo wao: ndege ikija wanasimama palepale walipofika, wanangoja, ikipita wanaendelea. Tabu alikuwa hajui. Wamefika mwisho wa ubeti, amepiga ile kodi ya saba, ndege ikaja. Wote wakanyamaza. Yeye akawatazama, akaelewa, akaacha vidole palepale. Ndege ikanguruma, mabati yakatetemeka, na mimi nimekaa humo na ile sauti inaning'inia kama zamani. Nilitaka kutoka nje. Nilishainuka nusu.

Ndege ikapita. Tabu akahesabu kwa kichwa, akawapeleka kwenye ile nyingine, hiyo C mnayoisema, na wazee wote wakatua pamoja naye.

Nina miaka hamsini na mbili, Baba. Jana ndiyo mara ya kwanza nimeisikia ikifika.

Wazee hawakujadili sana. Ferdinand alisema, huyu ametuachia pa kupumua, na wengine wakaitikia. Brightson alifungasha kinanda chake, akampa Tabu mkono. Kama alikuwa na kinyongo aliondoka nacho. Kisha Fransis akanigeukia, akasema, Zubeda, sharti la baba yako unalijua, unasemaje? Nilikuwa na hapana yangu niliyotoka nayo Pugu, nimeipanga maneno yote. Nikafungua kinywa, kikatoka kilio. Fransis akamwambia Tabu kwa sauti ya huzuni, pole binti, mama yako amekataa. Tabu akasema, hapana Mzee, huyo amekubali, mie namjua akikataa anakuwaga na maneno mengi.

Na kweli nimekubali.

Binti yako,
Zubeda